Ngoja Miguu Ilowe

Atieno, mama,

Mama yako amelala, au anajifanya amelala, na wewe nimekusikia ukifunga na kufungua zipu ya begi lako mara nne. Acha sasa, inatosha. Sweta umeweka. Mafuta ya kujipaka umeweka. Sitakuandikia habari ya kula vizuri, kupiga simu wala kwenda kanisani Jumapili. Hayo mama yako ameyasema tangu Jumatano, na akikumbuka moja alilosahau atalikimbiza basi mpaka alifikishe. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka ishirini na saba, zaidi ya umri wako, na usiku huu limeniketisha mezani kama mwanafunzi aliyebakizwa darasani.

Sijawahi kukuita mwanangu. Ulizaliwa usiku kama bibi yako, ukapewa jina lake, na tangu siku ile wewe kwangu ni Mama tu. Majirani walizoea zamani. Kwa hiyo usishangae nikikuandikia barua hii kwa woga kidogo. Mtu akikosea, kumwambia mama yake si kazi rahisi.

Kesho unakwenda kujifunza kuruka kwa parachuti. Sare umeivaa miaka miwili sasa, amri na baridi umezizoea, lakini hili ni jingine, na umeniambia mwenyewe kwamba kozi inamalizikia kwa kuruka usiku. Tangu asubuhi watu wa hapa Kisian wamekuwa wakiingia na kutoka kukupongeza. Mzee Owuor wa dukani amesema damu haipotei, baba aliruka na binti ataruka. Nikaitikia kwa kichwa. Kila mtu hapa anaujua mguu wangu. Kila mtu anajua kwamba niliangukia ziwani usiku, kamba zikanizonga, mwavuli ukaniburuta hadi kwenye mawe, nikatoka na uhai wangu na mguu mmoja mzima. Na kila mtu anajua maneno ninayomalizia nayo hadithi hiyo: "Ningefungua mikanda mapema, leo ningekuwa nacheza mpira." Wewe umekua na hadithi hiyo kama watoto wengine wanavyokua na wimbo.

Mama, sikuangukia ziwani.

Haya, nimeiandika, na kalamu haijavunjika.

Ungeondoka kesho bila kujua, na pengine mimi ningekufa bila kusema, kama si Jumapili iliyopita. Ulisimama juu ya kiti mbele ya watoto wa shangazi yako, kitambaa cha meza kikiwa mabegani, ukawaonyesha utakavyoruka. Ukaifikia sehemu ya maji. Ukaweka mikono miwili kifuani, ukasema, "Mimi nikiona maji tu, paa! nimeshafungua. Siwezi ngojea kamba zinishike kama Baba." Wakapiga makofi. Shangazi yako akasema mtoto ana akili kuliko mzee. Nami nikacheka. Nilikuwa na kipande cha chapati mkononi, nikacheka pamoja nao, na moyoni nilikuwa nimekuona ukianguka.

Nilidhani hakuna aliyeniona. Leo jioni ulipokwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, mama yako alikuwa anaosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Baba Atieno, mtoto anaenda na uongo wako kwa begi."

"Uongo gani?"

"Usiniulize uongo gani. Nimelala na wewe miaka ishirini na tano. Ukiota husemi ziwa, husemi mawe. Unasema, 'Mama, nisamehe, nimemwaga ng'wen zako.' Sasa ng'wen inaingia wapi ndani ya ziwa?"

Ng'wen ni kumbikumbi. Kumbikumbi na ziwa kweli havina ujamaa.

"Mwambie leo," akasema. "Usipomwambia, mimi nitamwambia kesho steji, mbele ya watu na mizigo yao."

Unamjua. Angefanya.

Basi nianze na Ochieng', kwa sababu kila kitu kinaanza kwake. Ni yule wa kwenye picha iliyo juu ya redio, mwenye shati la vifungo vikubwa na meno ya kujisifu. Kaka yangu. Umekuwa ukisikia alikufa maji, basi, na hukuuliza zaidi kwa kuwa babu yako alikuwa akitoka nje kila jina hilo likitajwa. Tulikuwa watatu ndani ya mtumbwi, babu yako, Ochieng', na mimi niliyekuwa nimemaliza shule mwaka ule na kujiona mtu mkubwa. Ochieng' alikuwa anautupa wavu. Kamba ikamshika kifundo cha mguu, mtumbwi ukayumba, akaenda na wavu. Niliruka nyuma yake. Nilimpata, Mama. Vidole vyangu vilikuwa juu ya lile fundo. Nilivuta, nikauma kwa meno, nikasikia mkono wake umenishika bega. Pumzi ikaniisha, nikapanda juu kuitafuta nyingine. Niliporudi chini sikulipata tena fundo.

Babu yako hakunilaumu hata siku moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Nilikwenda jeshini kulikimbia ziwa. Wengine wanalikimbia kwa kwenda Nairobi kuuza mitumba. Mimi niliona nikienda juu kabisa, mawinguni, maji hayatanifikia. Na niliruka vizuri, hilo si uongo. Mchana nilikuwa miongoni mwa wale wanaotolewa mfano. Kisha tukaingia katika mazoezi ya usiku, na safari moja wakatuleta upande wa huku, kwenye uwanda ulio juu kidogo ya ziwa. Sitautaja, haina haja.

Kabla ya kuruka tulikaa chini, sajini akatueleza. Alikuwa mfupi, mkali, na sauti ya kuamsha wafu. Akasema ziwa liko upande wa magharibi, upepo ukiwa mbaya unaweza kukusogeza huko, kwa hiyo lazima kila mtu ajue kushukia maji. Mkanda wa kifua unafungua ukiwa bado juu, unakaa vizuri kama umekalia bembea, lakini ile mikanda ya mapaja huiachii mpaka miguu iguse maji. "Miguu ilowe kwanza!" akapiga kelele. "Semeni!" Tukasema. Kisha akauliza, "Nani hapa anajua maji?"

Hapo ndipo nilipovunjika mguu, kabla hata ya kupanda ndege. Niliinua mkono. Wenzangu wakasema, "Huyu ni mtu wa ziwa, atufundishe," nami nikasimama nikawafundisha. Unatujua sisi tukipewa nafasi ya kusimama. Nikawaambia maji yanavyonuka kabla hujayaona. Nikawaambia usiku usio na mwezi ndio usiku wa omena, dagaa wetu wa ziwani, wavuvi wanatoka na taa zao, kwa hiyo ukiona taa ndogondogo zimetawanyika gizani na kila moja ina mng'ao wake chini, hapo ni ziwa, usiulize. Sajini mwenyewe alinisikiliza. Rafiki yangu Kiprono, mtu wa milimani ambaye hata kuogelea hajui, alinong'ona, "Sasa nikiona hizo taa nifanye nini?" Nikampiga bega, nikamwambia anifuate mimi.

Nilikuwa na swali langu pia. Sikuelewa vizuri upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi, kwa sababu sajini alipokuwa anaeleza hilo mimi nilikuwa napanga hotuba yangu. Lakini mtu aliyetoka kufundisha anarudi vipi kuuliza swali la mwanafunzi? Nikapanda nalo ndege. Mama, ukiwa huko, uliza. Wakucheke mpaka walie, wewe uliza.

Tuliruka. Kuna jambo moja zuri nitakalokuambia, ili usidhani barua yote ni ya kukutisha. Ukishatoka mlangoni, kelele za ndege zikishapita na mwavuli ukishafunguka, kunakuja ukimya ambao sijaupata tena popote. Unatazama juu, unaukagua mwavuli kama ulivyofundishwa, unauona umekaa mviringo, mweusi kuliko mbingu. Unasikiliza wenzako walipo, maana usiku huwaoni. Mtu fulani alikohoa mbali upande wa kushoto, nikajua sitagongana naye. Nilikuwa na furaha. Natamani uipate furaha ile.

Kisha nikatazama chini na kuona taa.

Zilikuwa ndogo, za njano, zimetawanyika gizani. Mwezi haukuwepo. Chini ya kila taa kulikuwa na mng'ao wake, ukitikisika kidogo, kama ninavyouona kila usiku kutoka mlangoni petu. Sikujiuliza swali hata moja. Nilisema, ziwa. Upepo umenileta ziwani. Na nilipokwisha kulisema, kila kitu kikakubaliana nami. Nikanusa maji, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Nikasikia mawimbi, nayo ilikuwa pumzi yangu mwenyewe. Usiku macho ni kama wakili uliyemlipa. Atakutetea lolote ulilokwisha kuamini.

Nikafikiri juu ya kamba zile zote juu yangu, na kitambaa kile kikubwa kitakavyonilalia majini, na nikasikia mkono begani. Nakuambia ukweli, niliusikia. Sikumkumbuka sajini. Mikono yangu ikaenda yenyewe, ikafungua kifua, ikafungua mapaja, yote. Mikono yangu ilikuwa inalifungua fundo la Ochieng', miaka saba baada ya kuchelewa.

Nilikuwa juu kama ghorofa ya tatu.

Ardhi niliyoiangukia ilikuwa shamba la mtu, lililolimwa na kulowa mvua, na madaktari walisema ndiyo iliyoniokoa. Niliangukia karibu na taa mojawapo. Ilikuwa taa ya mafuta imetundikwa kwenye kijiti, na chini yake karai la maji. Ni watu wanakamata kumbikumbi, Mama. Mvua imenyesha, kumbikumbi wametoka, kijiji kizima kimeweka taa na makarai shambani, wadudu wanafuata mwanga na kuanguka majini. Kwa hiyo ni kweli kulikuwa na maji chini ya kila taa. Maji ya karai moja.

Na karai hilo nililipiga kwa mguu likapinduka.

Mwenye karai alikuwa bibi mmoja mzee, amejifunga kanga kichwani. Kitu cha kwanza nilichosikia ni "Yawa! Nani amemwaga ng'wen zangu?" Akaja na fimbo. Akaniona nimelala, nimevaa mzigo wa ajabu, nimejipaka masizi usoni. Akasimama mbali kidogo.

"Wewe umetoka wapi?"

"Juu," nikamwambia.

"Juu gani? Hapa kwetu hakuna juu."

Nilijaribu kucheka, ndipo maumivu yakaja, nikapiga ukelele ambao hata sasa nauonea aibu. Akatupa fimbo. Akaketi kwenye matope, akachukua kichwa changu akakiweka pajani, akavua kanga yake kichwani akanifunika. Alisema "Mos, nyathina, mos," pole, mwanangu, pole, basi, hayo hayo, tena na tena, mpaka wenzangu waliponipata. Kumbikumbi walikuwa wananipanda usoni na yeye anawatoa mmoja mmoja kwa kidole. Nilimwomba msamaha kwa karai lake. Nadhani nilimwomba msamaha kwa mengi mengine, na akayasamehe yote bila kuuliza ni ya nani.

Sijawahi kurudi kumshukuru. Nilisema nitakwenda nikipona, kisha nikasema nitakwenda nikipata kazi, kisha nikawa nimeshausimulia uongo wangu mara nyingi kiasi kwamba yule bibi hakuwa na mahali ndani yake. Kila mwaka kumbikumbi wakitoka mnaniuliza kwa nini siwali, nami nasema mabawa yananikwama kwenye meno. Sasa unajua.

Kiprono alikuja kuniona hospitalini. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo. Akakaa kitandani kwangu, akainamisha kichwa kama yeye ndiye mwenye kosa.

"Hata mimi niliona zile taa," akasema. "Nikasema, leo nimekufa, ni ziwa."

"Sasa ulifanya nini?"

"Nilifungua ya kifua peke yake. Hizo zingine niliogopa hata kugusa. Mimi sijui maji, bwana. Nikasema ngoja nilowe kwanza, kama vile sajini alisema. Nikangoja, nikangoja, nikashtukia nimekanyaga shamba la mtu."

Asiyejua maji alitembea, na mjuzi akabebwa kwa machela. Nilimchukia Kiprono kwa wiki nzima, kisha nikamwandikia barua. Yeye ndiye yule anayenitumia unga wa wimbi kila Krismasi, na wewe humwita Baba Unga.

Jeshini hakukuwa na uongo. Waliikuta mikanda imefunguliwa, wakaniuliza kama niliifungua mwenyewe, nikasema ndiyo, wakaandika. Uongo niliutunga kwa ajili ya mtu mmoja tu. Babu yako alikuja hospitalini siku ya tatu, na kofia yake mkononi. Alisimama akautazama mguu wangu ulivyoning'inizwa, akauliza, "Ilikuwa nini?" Alikuwa ameshampoteza mtoto mmoja majini. Mimi ningemwambiaje kwamba aliyebaki, mtoto wa mvuvi wa omena, ameona karai la bibi akadhani ni ziwa lake? Nikasema, "Baba, niliangukia ziwani. Kamba zilinishika." Akafumba macho. Kisha akanishika bega, palepale aliposhika Ochieng', akasema, "Lakini wewe umetoka."

Hakuwahi kunigusa hivyo tangu msiba. Ningemnyang'anya vipi?

Akarudi ufukweni akawasimulia wenzake, nao wakasimulia wengine. Nilipotoka hospitali nilikuta hadithi imeshanitangulia nyumbani na imenenepa. Kulikuwa na mawe. Mwaka uliofuata, pale Kondele ninaposhonea mahema, fundi mmoja aliniuliza kama ni kweli nilipigana na kiboko. Nikasema giza lilikuwa nene, siwezi kuapa. Ndivyo kiboko alivyoingia. Na yale maneno ya "ningefungua mapema" niliyaweka mwenyewe, kwa sababu hadithi ilihitaji mwisho, na kwa sababu, kama unataka kujua, hayakuwa maneno yangu mimi. Yalikuwa ya Ochieng'. Kwake yeye ni kweli. Kama ningelifungua lile fundo mapema, angekuwepo.

Sikufikiri kwamba siku moja kuna mtu atayachukua maneno hayo ayapeleke ndani ya ndege.

Mama yako, kabla ya kwenda kulala leo, aliniwekea chai hapa mezani. Ni mtu wa Ahero, unajua, watu wa mafuriko, maji kwao huingia ndani bila kubisha hodi. Nikamwuliza, "Nyinyi huko usiku mnajuaje maji yamefika?" Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeuliza jina la mchana. "Tunajuaje? Si unaweka mguu chini ya kitanda. Ukilowa, yamefika." Kisha akaenda zake. Nimeoa mwanamke ambaye angefaulu kozi ile kuliko mimi.

Sasa sikiliza, Atieno. Vifaa vya siku hizi si vya kwetu, na walimu wako watakuwa wanajua mambo ambayo mimi sikuyasikia. Wakisema tofauti na baba yako, shika la kwao, hata kama baba yako atanuna. Mimi siwezi kukufundisha kuruka. Ninachoweza ni kukuambia mkosaji anavyojisikia sekunde moja kabla ya kosa, maana hilo hawatakuambia wale ambao hawajakosea. Hasikii hofu. Nilidhani hofu ndiyo hatari, kumbe hofu ilimfikisha Kiprono chini salama. Mimi nilikuwa na uhakika. Nilikuwa na uhakika mtamu kabisa, kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani. Ukiwa kule juu usiku na ukajisikia hivyo, ukasema "hii naijua", basi hapo shika mikanda yako na umkumbuke yule bibi na karai lake.

Ardhi nayo usiitafute kwa miguu. Usiku utatamani kunyoosha mguu mmoja kuipapasa, kama unavyopapasa ngazi gizani, na ndivyo watu wanavyovunjika vifundo. Miguu pamoja, magoti yamelegea kidogo, macho yatazame mbele. Itakuja yenyewe. Hata maji yatakuja yenyewe kama ni maji.

Na jambo jingine, gumu kidogo. Unakwenda huko na vitu vyangu ambavyo sikukuuliza kama unavitaka. Unalo ziwa, unaye Ochieng', unao mguu wangu, na una kiboko ambaye hakuwepo. Mikono yako Jumapili ilikwenda kifuani haraka kuliko mikono ya mtu anayecheza. Nilikutazama nikajiona. Fundo la Ochieng' lilikuwa langu, si lako. Usilifungue wewe. Ukisikia mkono begani gizani, mwambie anko yako unamheshimu sana, lakini leo una kazi, na angoje, yeye na mimi tutamalizana.

Nimekupenda tangu ulipokuwa mdogo unalala juu ya maturubai yangu pale Kondele na kelele zote zile za barabarani, na nikakupenda zaidi ulipokuwa mbishi. Ninaona fahari juu yako kiasi kwamba nikiwa peke yangu natembea vizuri zaidi. Usidhani naandika haya ili usiende. Nenda. Ruka. Huo ukimya niliokuambia, ukiupata, kaa nao kidogo kwa niaba yangu.

Mpango wangu ulikuwa kuiingiza barua hii katika mfuko wa pembeni wa begi, chini ya soksi, ili uisome ukiwa umeshafika. Niliona ni mpango mzuri. Ningekupungia mkono pale steji, ungemkumbatia yule baba wa ziwani, kisha ungemsoma huyu wa karai ukiwa mbali, na mimi nisingeiona sura yako. Nimeikunja barua mara moja tayari. Nikasimama, nikafika hadi mlangoni kwako.

Hapo ndipo nikajua ninafanya nini. Nilikuwa naachia tena nikiwa juu bado. Na kama usingeifungua? Kama ingebaki chini ya soksi wiki tatu, mpaka usiku ule? Nimerudi mezani, nimeikunjua, na ninaandika mistari hii ya mwisho alfajiri inakaribia, jogoo wa Mzee Owuor ameshaanza fujo zake.

Utaamka, utanawa uso, utakuja kunywa chai. Barua itakuwa kando ya kikombe chako. Nitakuwa kwenye kiti cha mbele yako, na sitajifanya nasikiliza redio. Basi ni la saa mbili, muda upo. Soma polepole.

Umefika mwisho, Mama. Sasa inua macho, niko hapa.

Baba yako